Bingwa mdogo akipanda uzani: je, mkubwa atasita?

Kila Jumamosi baada ya mazoezi, vijana wangu huketi kwenye ngazi za ukumbi wetu huku Eastlands, Nairobi, bandeji bado mikononi, chai ya rangi mkononi, na ubishi unaanza. Hata kama tumeshinda asubuhi nzima tukifanya kazi ya miguu tu, ubishi ni ule ule: bondia gani angempiga bondia gani. Naoya Inoue na Shakur Stevenson. Usyk na Muhammad Ali. Crawford akipanda uzani mara nyingine, angekwama wapi? Sauti zinapanda, simu zinatolewa, video zinachezwa, kisha mmoja ananigeukia: "Kocha, hebu amua."

Nimefundisha ndondi miaka mingi, na kabla ya hapo nilipigana mwenyewe katika uzani wa welta (kilo 66.7). Ubishi huu naupenda kwa moyo wote. Kijana anayebishana namna hii anaangalia pambano kwa makini kuliko anayesubiri nokauti tu. Ila naona wengi wanaanza kuhesabu kutoka upande usiofaa. Wanahesabu mikanda, rekodi, idadi ya waliolambishwa sakafu. Mimi naanza na swali moja: ngumi ya yule mdogo ikimfikia mkubwa, je, mkubwa atasita?

Nieleze ninachomaanisha. Bondia aliyesita ni yule ambaye mguu wake wa mbele ulishainuka ili aingie, kisha ukarudi chini palepale. Huenda hajaumia. Huenda hata hajui kwamba amesita. Lakini amefikiri, na katika nusu sekunde hiyo ya kufikiri mdogo anapata kuhama, kuvuta pumzi na kutafuta pembe nyingine. Mkubwa asiposita, mdogo hapumziki raundi nzima.

Kuna siku niliyaona haya karibu kabisa. Nina kijana wa kilo 54 mwenye mkono mwepesi kuliko wote ukumbini. Mwenzake wa uzani wake hakuja, basi nikamweka ulingoni na kijana wa kilo 63, nikamwambia huyo mkubwa asitie nguvu. Raundi ya kwanza yule mdogo alimpiga jabu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, apendavyo, mbili, tatu, kisha ya kulia mbavuni, akatoka. Waliokuwa nje ya kamba wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nakodolea macho viatu vya yule mkubwa. Kila alipopigwa, kiatu cha kushoto kilisogea mbele vilevile, unyayo wote sakafuni. Hakikurudi nyuma hata mara moja. Raundi ya pili akaanza kuweka paji la uso begani mwa mwenzake, mkono mmoja nyuma ya shingo, akamwegemea. Raundi ya tatu mikono ya yule mdogo ilikuwa imeshuka hadi kifuani, mdomo wazi, kinga ya meno inaonekana. Nikapiga kengele kabla ya wakati. Hakuwa amepigwa hata ngumi moja kali. Alikuwa amechoka kwa kubeba kilo 9 zisizo zake.

Kilo 9 juu ya kilo 54 ni sehemu moja ya sita ya mwili wake. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha vijana wanaopenda kubishana: usihesabu kilo, hesabu sehemu. Ndondi za kulipwa zina madaraja 17 ya jadi ya uzani, kuanzia kilo 47.6 hadi uzani mzito usio na kikomo. Madaraja hayapishani sawa. Kutoka kilo 50.8 hadi 53.5, yaani kutoka uzani wa fly hadi bantamu, ni kilo 2.7 tu, lakini kwa mtu wa mwili ule ni zaidi ya asilimia 5. Kilo hizo hizo kwa mtu wa kilo 100 ni chakula cha mchana na maji ya siku. Ndiyo maana mabondia wadogo huteseka kwa kilo moja ambayo watu wa uzani mzito hawaihisi, na ndiyo maana Fatuma Zarika wetu, aliyetwaa taji la dunia la shirikisho la WBC mwaka 2016 katika kilo 55.3, anastahili kuulizwa swali la kupanda uzani kwa hesabu tofauti na ile ya Tyson Fury wa uzani mzito.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na ndilo linaloniogopesha kama kocha. Mwili unapokua, ngumi hukua. Mabega yanapanuka, mapaja yananenepa, na nguvu inayotoka sakafuni hadi kwenye kifundo cha mkono inaongezeka. Lakini ubongo haukui. Ubongo wa mtu wa kilo 57 na wa mtu wa kilo 110 una uzito unaokaribiana, kama kilo moja na theluthi hivi ukijumlisha kidogo au ukipunguza, na umekaa ndani ya maji yale yale, ndani ya fuvu lisilopishana sana. Ngumi haimwangushi mtu kwa kuponda fuvu. Inakizungusha kichwa ghafla na ubongo unachelewa kukifuata. Kwa hiyo unapompandisha mtu mdogo madaraja mawili au matatu, unampeleka mbele ya ngumi iliyokua huku kinachopokea ngumi hiyo kikiwa vilevile. Anaweza kunenepesha shingo, na ninawasisitizia vijana wangu mazoezi ya shingo kila wiki. Shingo inasaidia kukizuia kichwa kisizunguke. Haifanyi muujiza.

Kisha kuna mizani yenyewe, ambayo haisemi ukweli wote. Katika ndondi za ridhaa bondia hupimwa asubuhi ya siku ya pambano. Katika ndondi za kulipwa hupimwa siku moja kabla, na kati ya mizani na kengele ana muda wa kunywa na kula hadi awe mtu mwingine. Anayepimwa kilo 66.7 Ijumaa anaweza kupanda ulingoni Jumamosi akiwa na kilo 73 au zaidi. Kwa miaka mingi shirikisho la IBF, mojawapo ya yale yanayotoa mataji ya dunia, liliwapima mabingwa wake tena asubuhi ya pambano, wasizidi paundi 10 (kilo 4.5) juu ya kikomo, lakini mashirikisho mengine huachia. Kwa hiyo mtu akiniambia bingwa wa welta atapigana na bingwa wa uzani wa kati (kilo 72.6), swali langu ni: huyu wa welta alikuwa akijikausha kiasi gani kufika huko? Kama alikuwa akilala na njaa ili afike kilo 66.7, pengine kupanda ni kurudi nyumbani tu. Kama alikuwa akifika huko akiwa ameshiba, hapo tahadhari.

Mimi mwenyewe niliwahi kupandishwa bila kuulizwa. Nilikuwa na miaka 22, mashindano ya mtaani, mpinzani wangu hakutokea, na mwandaaji akaniambia kwamba kuna kijana wa uzani wa kati ambaye naye amekosa mtu, tupigane ili watu wasirudishiwe pesa. Kocha wangu wa wakati huo alikuwa nje akitafuta maji. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana. Mkono wangu wa kulia, ambao katika welta ulikuwa unazima mambo, nilimpiga nao sawasawa mwanzoni mwa raundi ya pili, shavuni, na bega langu lote nyuma yake. Alinitazama tu, akaja. Mpaka leo nikifumba macho nauona uso ule. Tangu hapo simpandishi kijana wangu uzani kwa ajili ya kumpendeza mwandaaji yeyote, na nawaambia wazazi wao wasikubali pia.

Sasa historia, maana vijana hutaka majina. Mfano ninaoupenda kuliko yote una watu wanne, na katikati yao yupo Mwafrika, Dick Tiger wa Nigeria.

Aprili 1966, Dick Tiger akiwa bingwa wa dunia wa uzani wa kati, Emile Griffith alipanda kutoka welta akampokonya taji kwa pointi baada ya raundi 15, katika uamuzi ambao watu walibishania. Mdogo alimshinda mkubwa. Ukiishia hapo utasema uzani si kitu. Desemba mwaka huo huo Tiger naye akapanda, akamshinda José Torres na kuwa bingwa wa uzani wa kilo 79. Mdogo tena. Kisha Mei 1968, Madison Square Garden, akakutana na Bob Foster. Kwenye mizani hawakupishana sana, lakini Tiger alikuwa mtu wa sentimita 173 hivi na Foster alikaribia 190, mwembamba, mikono mirefu kama ngazi. Raundi ya nne ngumi ya kushoto ya kuzunguka ikamkuta Tiger, na ndiyo mara pekee katika maisha yake ya ulingo refa kumhesabia hadi 10 bila yeye kuinuka. Tiger alikuwa mtu wa chuma. Waliopigana naye wote walisema hivyo kwa namna ya mapambano yao, kwa kuchoka kwao. Foster hakusita mbele yake kwa sababu ngumi za Tiger hazikumfikia.

Halafu tazama kilichompata Foster. Huyo huyo aliyemzima Tiger alipanda uzani mzito Novemba 1970 akakutana na Joe Frazier, akaangushwa raundi ya pili. Miaka miwili baadaye alijaribu tena kwa Muhammad Ali, akamchana Ali usoni kwa jabu, na bado akamalizwa raundi ya nane. Ngumi ile ile iliyokuwa radi katika kilo 79 iligeuka kuwa jabu ya kukera tu katika kilo 95. Ngumi haina nguvu yenyewe peke yake. Ina nguvu kulingana na anayepigwa.

Hii ndiyo sababu siwaamini wanaosema "fulani ana mkono mzito, ataenda nao popote." Mkono mzito ndio mzigo wa kwanza kupotea njiani unapopanda. Kinachosafiri vizuri ni masafa, yaani kujua ukae umbali gani, na muda, yaani kujua upige lini. Miguu nayo husafiri, lakini si kwa raundi zote. Sugar Ray Robinson alijua masafa na muda kuliko mtu yeyote aliyewahi kuvaa glavu. Juni 1952, Yankee Stadium, alipanda kumkabili Joey Maxim wa kilo 79 usiku ambao joto karibu na ulingo lilifika nyuzi 40. Hata refa alichoka, akabadilishwa. Robinson alikuwa mbele kwa majaji wote. Raundi ya 14 hakuweza kuinuka kitini. Watu husema joto lilimshinda. Nakubali, lakini Maxim alikuwa ndani ya joto lile lile, na Maxim ndiye aliyekuwa akiegemea. Joto lilimalizia kazi ya kilo 7. Ni mara pekee Robinson aliyopoteza pambano kabla ya kengele ya mwisho, katika mapambano 200.

Turudi kwenye miaka yetu. Jumapili asubuhi ile ya Septemba 2025, Terence Crawford alipopanda kutoka kilo 69.9 hadi 76.2 kumkabili Canelo Álvarez huko Las Vegas, nilikuwa na vijana tisa mbele ya skrini moja, na saba kati yao walikuwa wa Canelo. Walihesabu madaraja mawili na ngumi za Canelo. Mimi nilimchagua Crawford, na naomba nieleze sababu, kwa kuwa sikubahatisha.

Kwanza, Canelo mwenyewe si mtu mkubwa. Taji lake la kwanza la dunia, mwaka 2011, lilikuwa katika kilo 69.9, uzani ule ule ambao Crawford alikuwa anautoka. Alipanda kwa miaka, akajijenga, lakini mifupa ni ile ile. Crawford hakuwa mfupi kuliko yeye, na mikono yake ilikuwa mirefu zaidi kwa karibu sentimita 9. Kwa hiyo madaraja mawili ya kwenye karatasi hayakuwa madaraja mawili ya mwili. Pili, Crawford anasimama kwa kushoto, yaani mkono na mguu wa kulia mbele, na anajua kumfanya mtu asubiri. Ukirudia pambano lile usiangalie ngumi. Angalia ni mara ngapi Canelo anainua mguu wa mbele kisha anaurudisha. Kuanzia katikati ya pambano anasita karibu kila mara. Ngumi za Crawford hazikumwumiza sana. Zilimfikirisha. Majaji wakampa Crawford, 116-112 na 115-113 mara mbili. Vijana wangu saba walinyamaza, mmoja akaenda kununua mandazi.

Sasa linganisha na Septemba 2016, London, Kell Brook akitoka welta kwenda kumkabili Gennady Golovkin wa uzani wa kati. Brook ni mzuri, na raundi ya pili alimpiga Golovkin ngumi safi za kupanda, watu wakasimama. Lakini tazama Golovkin akipigwa: anakuja. Kichwa kinarudi nyuma, miguu inaenda mbele. Mfupa wa jicho la kulia la Brook ulivunjika, na raundi ya tano kona yake ikatupa taulo. Nilimwunga mkono mkufunzi aliyetupa taulo ile, ingawa Brook mwenyewe alikasirika. Pambano lilikuwa limekwisha tangu pale Golovkin alipopigwa vizuri na hakusita. Yaliyofuata yalikuwa madhara tu. Madaraja mawili kwa Brook, madaraja mawili kwa Crawford, na majibu mawili tofauti kabisa.

Canelo naye alipata jibu lake alipopanda kilo 79.4 Mei 2022 kwa Dmitry Bivol. Alipiga mikono na mabega ya Bivol kana kwamba anapasua kuni. Bivol alizipokea, akarudisha jabu, akahama. Majaji wote watatu wakampa Bivol, 115-113.

Mtu atasema: na Usyk je? Oleksandr Usyk alitoka uzani wa kruza, kilo 90.7, ambako alikusanya mikanda yote mwaka 2018, akamshinda Anthony Joshua mara mbili, kisha Mei 2024 Riyadh akamshinda Tyson Fury aliyemzidi takriban kilo 18. Naam, na ni ushahidi wangu mkubwa. Usyk anauliza swali kila sekunde: jabu ndogo, hatua ya pembeni, jabu tena kabla mkubwa hajapanga miguu. Fury ni mtu wa kuegemea watu. Hiyo ndiyo silaha yake kubwa. Ili uegemee mtu lazima umfikie, na ili umfikie lazima usisite. Raundi ya tisa Fury alikuwa akining'inia kwenye kamba akihesabiwa. Aidha, kilo 18 kwa mtu wa kilo 101 ni chini ya asilimia 18. Ni nyingi, lakini ni sehemu inayokaribiana na ile ya vijana wangu wawili wa 54 na 63 niliowataja juu. Usyk anaweza kuibeba kwa raundi 12. Kijana wangu hakuweza tatu. Hapo ndipo ninapoacha kuzungumzia hesabu na kuzungumzia kipaji.

Usyk na Ali basi, kwa kuwa nimewataja mwanzoni, si pambano la uzani hata kidogo. Ali wa miaka ya sitini alikuwa wa kilo 95 hivi. Watu humdhania Ali kuwa jitu kwa sababu ya jina lake. Angepanda ulingoni akiwa mwepesi kuliko Usyk. Hapo mnabishana kuhusu zama, si kuhusu kilo.

Roy Jones nitamtaja kwa sababu ya gharama. Machi 2003 alipanda hadi uzani mzito na kumshinda John Ruiz kwa pointi, yeye aliyewahi kuwa bingwa wa uzani wa kati. Usiku ule alikuwa maridadi. Lakini alirudi chini tena hadi kilo 79 kwa kuyeyusha nyama aliyoijenga, na Mei 2004 Antonio Tarver akamzima raundi ya pili. Hakuwahi kuwa yule tena. Vijana husahau kwamba anayepanda mara nyingi hutaka kushuka, na mwili hauvuliwi kama koti.

Kwa hiyo sasa niamue yale ya kwenye ngazi.

Inoue na Stevenson, tuseme katika kilo 61.2. Inoue alianza kuwa bingwa mwaka 2014 katika kilo 49. Amepanda kwa ustadi, akakusanya mikanda yote katika bantamu na tena katika daraja lililo juu yake, lakini tangu afike kilo 55.3 ameangushwa mara mbili, na Luis Nery mwaka 2024 kisha na Ramón Cárdenas mwaka 2025. Aliinuka akawamaliza wote wawili, ndiyo. Ila miaka yote ya bantamu na kushuka chini hakuna aliyemwangusha. Ngumi za wapinzani zinakua. Stevenson si mpigaji mkali, hilo najua, na ndilo linalowapa vijana wangu matumaini. Mimi naangalia masafa: Stevenson ni mrefu kuliko Inoue, anasimama kwa kushoto, na hapendi kabisa kupigwa. Inoue angelazimika kuingia, kila mara. Nampa Stevenson kwa pointi, pambano ambalo watu wangelilalamikia, na ningeliangalia mara tatu.

Crawford na Bivol? Hapana. Hapo Crawford angekutana na mtu ambaye ni mkubwa kwa mifupa, anayejua masafa kama yeye, na asiyesita ovyo. Bivol, na bila shida kubwa.

Limebaki lile ambalo vijana huliacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu wanajua linanigusa: Robert Napunyi Wangila na Philip Waruinge. Wangila ni dhahabu ya Seoul 1988 katika welta, dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imewahi kupata katika ndondi. Fainali alimmaliza Laurent Boudouani wa Ufaransa raundi ya pili. Alifariki Las Vegas mwaka 1994 baada ya pambano, akiwa na miaka 26, na mimi simtaji bila kunyamaza kidogo kwanza. Waruinge ni shaba ya Mexico 1968 na fedha ya Munich 1972, uzani wa unyoya (kilo 57). Mexico alirudi na shaba, lakini kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki, alipewa yeye. Fikiria hilo: dhahabu zote zile zikatoka, na waliokuwa wakitazama wakasema fundi ni huyu Mkenya wa shaba.

Kilo 57 na kilo 67. Kilo 10, zaidi ya sehemu moja ya sita. Waruinge ana masafa na ana muda, vile vitu viwili vinavyosafiri. Raundi ni tatu tu, za dakika tatu, kwa hiyo uchovu wa kuegemewa hauna muda mrefu wa kufanya kazi. Na kama tunapigana kwa kanuni za Munich hakuna kofia ya kukinga kichwa. Kwa kanuni za Seoul ipo. Vijana wangu hawakuwahi kuliuliza hilo, na linabadilisha mambo, kwa sababu kofia humpa anayeingia ujasiri wa kuingia. Ningependa sana Waruinge ashinde. Nimelicheza pambano hili kichwani nikiwa kwenye matatu Jogoo Road mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na raundi ya kwanza huwa yake kila mara: jabu, hatua, jabu, Wangila anapiga hewa. Kisha namtazama Wangila miguu. Ana miaka 21, ana mgongo wa mtu anayebeba magunia, na jabu ya kilo 57 inamgusa paji la uso. Kiatu chake hakirudi nyuma.

Wangila, raundi ya pili, Waruinge akiwa mbele kwa pointi.